Mgeni wa Kifuani

Hospitalini, Sumbawanga
23 Aprili 2023

Mdogo wangu Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko unovisini na kile kikohozi cha Kwaresima kimekuacha. Mimi sijambo. Najua barua hii Sista Mlezi ataisoma kabla yako, kwa hiyo, Sista, shikamoo.

Nimejifungua. Usianze kuhesabu miezi kwa vidole, nimeshahesabu mimi. Muda ulikuwa bado sana.

Ilikuwa Jumatano baada ya Pasaka. Tulikuwa shambani Mollo na mama mkwe, tunalima ntumba za mwisho, vile vilima vya kuozeshea majani mpaka msimu wa ulezi. Nilikuwa nimepanga majani yangu duara, nimeanza kuyafunika kwa udongo, mgongo ukakatika. Nikadhani ni jembe. Nikaendelea. Mama mkwe akanitazama miguuni, akasema, "Wewe, maji hayo si jasho." Abel yupo Muze, alishuka tangu Februari kumlimia mpunga yule Msukuma, Ngeleja, na barabara ilikuwa tope tupu. Nikaletwa mjini kwa bodaboda, mama mkwe amenishika kwa nyuma kama gunia.

Ni wa kike. Ni mdogo, Hellena. Sijui nikufananishie na nini. Mkono wake mzima unaenea juu ya kidole changu cha gumba. Nesi alimfuta, akamtazama, akaniuliza, "Nyie Wakatoliki?" Nikasema ndiyo. Akachota maji kwenye kikombe cha chai. Akauliza, "Jina?" Sikuwa nimefikiri. Nikasema Josefina. Akambatiza pale pale juu ya meza, mimi nimelala naangalia dari.

Mama mkwe alipoambiwa jina alingoja nesi atoke. Kisha akasema, "Jina langu limeshalala Mollo mara moja. Mbona unalitafutia kaburi la pili?" Unamkumbuka Josefina wangu wa kwanza. Na wa pili, wa kiume, ambaye hata jina hakupata. Tangu hapo hamshiki. Analeta uji, anaweka, anakaa mbali. Akitaka kuuliza habari za mtoto anasema, "Mgeni ameamkaje?"

Tupo kwenye chumba wanachokiita cha kangaroo. Mtoto hawekwi kitandani. Unamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, yeye na kofia na nepi tu, kitenge juu, sweta juu ya kitenge. Unakaa naye hivyo mchana na usiku. Nesi anasema, "Jiko lake ni kifua chako, ukimtoa anazimika." Maziwa nakamua kwenye kikombe, anapewa kwa mpira puani, kidogo kidogo kama mtu anayemwagilia mche.

Silii. Watu wa humu wanaona ajabu. Mama wa kitanda cha pili, ndiye aliyenipa karatasi hii, ameniuliza kama ninampenda mtoto. Nimemwambia sijui, nambeba.

Utuombee.

Dada yako,
Edith


Unovisini
6 Mei 2023

Dada yangu mpendwa,

Milele amina! Mimi ni mzima kabisa, kikohozi kimekwisha. Vipi wewe? Vipi huyo malaika? Vipi shemeji Abel, ameshapanda kutoka Muze? Mama mkwe wako nampa shikamoo yake hata kama amenuna.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda kikanisani. Nilipiga magoti muda mrefu mpaka Sista mmoja akanigusa bega kuona kama nimelala. Sikulala. Nilikuwa nagombana.

Dada, usikate tamaa. Mungu ameahidi, na Mungu si mwanadamu aseme leo na kukana kesho. Nakuhakikishia mtoto huyu ataishi. Nimelisikia hilo moyoni kama mtu anayeniita jikoni. Kwako imekuwa mno. Baba, mama, halafu watoto wawili. Hawezi kuchukua tena. Haiwezekani.

Na sikuishia hapo. Nilimwambia mbele ya Sakramenti: mwezi wa kumi na mbili tarehe nane naweka nadhiri zangu za kwanza. Mtoto wa dada akiishi, naweka, na nitakuwa wako mpaka kufa. Asipoishi, navua shela narudi Mollo kushika jembe. Nimemwambia waziwazi. Sasa kazi ni yake.

Kwa hiyo wewe tulia. Limeshasemwa.

Mwambie mama mkwe huyo si mgeni, ni mwenyeji.

Mdogo wako akupendaye,
Hellena


Mollo
28 Mei 2023

Mdogo wangu Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu za nyumbani. Tumeruhusiwa wiki iliyopita. Mimi na mama mkwe hatujambo, na mgeni naye anapumua. Abel alikuja, akakaa kidogo, akamtazama mtoto kupitia shingo ya sweta langu kama anayechungulia kisima. Kisha akarudi Muze, mpunga hauvunwi kwa huruma.

Baridi imeanza. Unaijua ya hapa, ile inayoingia kupitia chini ya mlango na kukaa kama mtu. Mtoto bado yupo kifuani. Napika naye, nafua naye, naenda naye chooni. Nimeshasahau kulala kwa ubavu kukoje.

Sasa sikiliza, maana hili nitalisema mara moja.

Futa maneno yako.

Mungu si Ngeleja, wa kwenda kupatana naye bei mnadani. Na kama ni mnada, basi uweke kilicho chako. Mtoto huyu si wako. Mwanangu si rehani. Wewe utake kuwa Sista au usitake, hilo ni lako na la Mungu wako, usilifunge kwenye mbavu za mtoto ambaye mbavu zake bado laini. Nikimtazama akipumua nina kazi ya kutosha. Sitaki nimtazame nikifikiria na shela lako.

Na usiniambie tena ameahidi kwamba ataishi. Nimezika wawili, Hellena. Kwa wote wawili walikuja watu, wamevaa vizuri, wameshika rozari, wakaniambia Mungu ameahidi. Nikamwuliza katekista baadaye, "Aliahidi lini? Mimi nilikuwa wapi?" Mzee Baltazari hakunidanganya. Alisema, "Mwanangu, kuishi kwa mtoto hakukuahidi. Alichoahidi ni kwamba hatakuacha peke yako." Hiyo ndiyo niliyonayo. Ni moja tu. Na nikisema kweli, hata hiyo siioni. Usiku mgongo unawaka, naangalia ukuta, nipo peke yangu na kitu cha uzito wa kuku. Lakini imesemwa, basi naishika. Siisikii moyoni kama wewe unavyosikia watu wanakuita jikoni. Naishika tu, kama ninavyomshika huyu.

Nikueleze kituko. Ile ntumba yangu ambayo uchungu ulinikuta sijaimaliza, mama mkwe aliifunika mwenyewe, lakini mvua ilikuwa imeshakatika. Juzi nilipita pale, nikainama, nikaifukua kwa mkono. Sijui kwa nini. Nilitaka kuona kitu kimoja kinachokwenda kama kinavyotakiwa. Majani yalikuwa vilevile, makavu, kama niliyaweka asubuhi ile. Mama mkwe akaniona kutoka mbali, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka:

"We binti! Nani alikutuma? Ntumba haichunguliwi!"

Nikafukia. Akaja akaongeza udongo kwa mguu, huku ananung'unika, "Watoto wa siku hizi, wanataka waone uvundo kabla ya mbolea." Akamwangalia mtoto, kidogo tu. Akageuka.

Futa maneno yako, mdogo wangu. Nakupenda. Futa.

Dada yako,
Edith


Unovisini
11 Juni 2023

Dada Edith,

Milele amina. Natumaini mpo salama na baridi haiwasumbui sana. Mimi sijambo.

Barua yako imeniuma. Sikujua kumwombea mtu kunaweza kuwa kosa. Wewe ndiye uliyenifundisha kusali, kabla sijajua kufunga vifungo vya gauni, halafu leo unaniambia nisimwombee mtoto wako.

Siwezi kufuta. Niliyasema mbele ya Sakramenti, si maneno ya sokoni Majengo. Isitoshe, wewe unajuaje? Labda Mungu alikuwa anangoja mtu wa kumbana.

Niambie tu uzito wake. Niambie anaongezeka. Nikijua anaongezeka nitalala.

Mdogo wako,
Hellena


Unovisini
16 Julai 2023

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za siku nyingi. Mimi ni mzima. Natumaini nanyi wazima.

Sijapata jibu. Nimefikiri labda barua yangu ilipotea, au ya kwako. Au umenikasirikia. Ukiwa umekasirika, andika kwamba umekasirika, nitafurahi hata hiyo.

Watu wanaotoka huko wanasema baridi ya mwaka huu ni ya kuua. Nisamehe, sikuchagua neno.

Mtoto anaendeleaje?

Hellena


Unovisini
20 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo. Leo nakuamkia hivyo kama zamani.

Sista anayeleta barua akiwa hana kitu changu anapita njia ya bustanini ili tusikutane. Nimemwona. Nimekwisha kuelewa. Au sijaelewa. Niambie mwenyewe, usimwachie mtu mwingine aniambie.

Mdogo wako


Mollo
10 Septemba 2023

Mdogo wangu Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo. Nyumbani salama. Barua zako zote tatu nimezipata. Ya kwanza ilinikuta kitandani, nilikuwa ninaumwa. Nilipopata nguvu ya kushika kalamu nilikuandikia, nikaichana. Nikaandika tena, nikaichana. Hii sitaichana.

Sitakuambia kama mtoto yu hai.

Soma tena ukitaka, ndivyo nilivyoandika. Nimemwambia Abel, nimemwambia mama mkwe, nimemwambia Mzee Baltazari: Hellena akituma mtu kuulizia, asijibiwe. Mama mkwe amesema nina roho ya jiwe. Labda. Jiwe nalo lina kazi yake, ndilo tunalosagia.

Wewe ulisema akiishi utafanya hivi, asipoishi utafanya vile. Basi mimi naliondoa hilo mbele yako. Huna akiishi, huna asipoishi. Umebaki wewe na Mungu wako chumbani, na mlango nimeufunga mimi. Sasa sema unachotaka.

Usidhani nimefanya hivi kwa hasira. Nilikulea, Hellena. Nilikubeba nikiwa mdogo kiasi kwamba miguu yako ilikuwa inaburuta. Nakujua. Mtoto akiwa yu hai, utaweka nadhiri kama mtu anayelipa deni, na siku ukichoka utamchukia binti yangu bila kujua. Akiwa amekufa, utarudi hapa umenuna na jembe, utamtazama Mungu kama fundi aliyekula hela. Katika yote mawili hutakuwa umemwamini. Utakuwa umempima tu.

Mimi mwaka huu sijapata mahali pa kumpimia. Nimeamka, nimekamua, nimefunga kitenge. Ndiyo imani yangu yote hiyo. Ukiniuliza nilisikia nini moyoni, sikusikia kitu. Lakini sikufungua kitenge.

Ukishaamua niandikie. Umeamua kubaki au umeamua kuja, kitanda chako kipo.

Dada yako,
Edith


Unovisini
29 Oktoba 2023

Dada yangu Edith,

Milele amina. Natumaini barua hii inawakuta salama. Naandika "inawakuta" bila kujua mpo wangapi. Ndivyo ulivyotaka.

Barua yako niliichukia. Nilikwenda kwa Sista Mlezi nikamwambia, "Dada yangu ni mkatili." Alikuwa ameshaisoma, bila shaka. Akasema, "Msalimie." Basi. Kisha akaniuliza ni biashara gani niliyofanya na Mungu, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema, "Nadhiri ya biashara siipokei. Nenda ukae na nguruwe kwanza."

Dada, sikutanii. Tangu siku ile nipo bandani. Nachota pumba, nasafisha, nanuka. Wenzangu wananiita Mama Kitimoto. Kuna jike moja huwa linanisubiri nipite ndipo linimwagie maji ya birika lake, nahisi linafanya makusudi.

Wiki za mwanzo nilikuwa natafuta habari. Kila mgeni aliyetoka Rukwa nilimtazama usoni. Nilihesabu maneno ya barua yako, nikasema, ameandika "binti yangu," basi yu hai. Kisha nikasema, aliyekufa naye ni binti. Nikaisoma mpaka ikaniishia. Hakuna kitu ulichosahau kuficha. Wewe ungefaa polisi.

Halafu ikafika asubuhi moja, nimeinama na ndoo, nikaanza kumwombea kama kawaida, nikakwama. Sijui namwombea mzima au namwombea marehemu. Sala zenyewe ni tofauti, unajua. Nikasimama pale na harufu ile. Mwisho nikataja jina tu. Josefina. Sikuomba kitu. Nikasema jina lake, nikamwaga pumba. Kesho yake hivyo hivyo. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu wakati ule. Na nimeona kitu cha ajabu: Mungu ninayemtajia jina ni yule yule, mtoto awe kifuani mwako au awe udongoni. Mimi ndiye niliyekuwa nataka awe wawili, mmoja wa kupendwa na mmoja wa kukimbiwa.

Nimeyafuta maneno yangu, dada. Nilikwenda mbele ya Sakramenti nikayafuta, kwa sauti, mpishi akanisikia.

Na nimeamua. Tarehe nane naweka nadhiri. Si kwa kuwa ameishi, si kwa kuwa hakuishi. Naziweka kwa sababu kengele ya asubuhi ikilia, hata sasa hivi na nguruwe wangu, bado nataka kuamka. Sina sababu kubwa kuliko hiyo. Sista Mlezi amesema inatosha.

Ukiweza kuja, njoo. Usipokuja nitaelewa: ungekuja ningekuona, unaye au huna, na ningejua.

Usiniambie mpaka nimalize. Sasa ni mimi ninayekuomba.

Mdogo wako,
Hellena


Mollo
17 Desemba 2023

Mdogo wangu Sista Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakupa hongera, na Sista Mlezi nampa shikamoo na asante ya nguruwe. Natumaini shela jipya limekukaa vizuri na harufu imekutoka. Sisi hapa hatujambo, wote watatu. Abel naye akipanda tunakuwa wanne.

Pumua kwanza. Kisha endelea kusoma.

Nisamehe sikuja. Ningekuja naye, maana ananyonya, na ungemwona tangu mlangoni kabla hujafungua mdomo. Siku ile saa ya Misa yenu nilikuwa shambani. Nilisimama kidogo nikataja jina lako. Sikuomba kitu, nimejifunza kwako.

Sasa nikupe habari za Juni, nilizokunyima.

Upepo ulikuwa unapiga siku zile hata mbuzi hawakutoka. Nikaanza kutetemeka. Nikasema ni baridi. Nikafunga sweta la pili. Asubuhi nilikwenda kisimani, njiani nikakaa chini, nikashindwa kusimama. Mama mkwe alinikuta nimekaa njiani na ndoo, nimemkumbatia mtoto kwa mikono miwili, meno yanagongana. Tukapelekwa zahanati. Nesi akanipima, akasema homa imepanda sana, dripu iwekwe sasa hivi, na mtoto atoke kifuani, maana mara nilikuwa moto kama bati la mchana, mara maji ya kisima. Akasema, "Nani atambeba? Huyu bado hawezi kulala peke yake, atapoa."

Abel alikuwa Muze. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Nikamwambia, "Mama, mchukue."

Akasema, "Nani?"

Nikasema, "Mgeni."

Hellena, alisimama pale. Sijui ni muda gani, nilikuwa naona watu wawiliwawili. Nilifikiri, anaondoka. Na sikuogopa, ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata woga haukunipata. Nilisema moyoni, kama ulisema hutaniacha peke yangu, ndiyo sasa. Sikusema kwa imani. Nilisema kama unavyomkumbusha mtu asisahau kupitia dukani.

Mama mkwe akavua sweta. Akavua la pili. Akavua blauzi, mbele ya nesi na mbele ya mzee mmoja aliyekuwa anangoja dawa, akageukia ukutani yule mzee wa watu. Akaja akanyoosha mikono. Akamweka kifuani, nesi akamfunga kitenge. Mtoto akaanza kutafuta, unajua wanavyotafuta na mdomo. Mama mkwe akamwambia, "Hapa hakuna maziwa, mgeni. Maziwa yalikwisha na baba yako. Hapa kuna joto tu. Vumilia."

Alimbeba siku zote nilizolazwa. Alilala ameketi, ameegemea ukuta. Mimi nilikamua kidogo nilichoweza, nesi akaongezea ya kopo, wakamnywesha kwa kikombe. Alikuwa haongei na mtu ila na mtoto. Nilimsikia akimsimulia Kifipa, habari za shamba, habari za mume wake marehemu jinsi alivyokuwa mvivu wa kulima na hodari wa kucheza ngoma. Mtoto wa kilo mbili anasimuliwa utani wa watu wazima.

Siku moja akaja nesi mwingine na daftari. "Bibi, mtoto anaitwa nani?"

Mimi nimefumba macho, nasikiliza.

"Bibi, jina."

"Josefina."

"Sikuulizi lako, nauliza la mtoto."

"Ndilo hilo. Josefina. Mimi naye ni wajina. Andika, mbona umeshika kalamu kama mwiko?"

Nikageukia ukutani. Nilitaka kulia, nikangoja machozi, hayakuja. Nikalala.

Tangu hapo tunambeba kwa zamu. Mwezi wa nane alipata nguvu ya kulala peke yake kitandani bila kupoa, lakini mama mkwe aliendelea kumbeba, anasema ni baridi, wakati jua linawaka.

Si kila kitu kimekaa sawa, nisikufiche tena. Jicho moja linaangalia pembeni. Hajakaa bado, ukimketisha anaanguka taratibu kama mzee kwenye mahubiri. Nesi amesema turudi Januari wamwangalie macho vizuri, wanaozaliwa kabla ya wakati mara nyingine macho yao hupata shida. Sijui. Sina ahadi ya jicho. Nina ile moja tu, na sasa angalau najua inafananaje: ina matiti yaliyolala na inanuka ugoro.

Jana tulipanda ulezi. Mvua imekuja vizuri. Tulizivunja ntumba moja moja na kuzisambaza, udongo mweusi, laini, unataka hata kuula. Tulipofika kwenye ile ya kwangu mama mkwe akasimama akacheka. "Haya mchunguliaji, njoo uchungulie sasa." Tukaivunja. Upande mmoja umeoza vizuri. Upande mwingine majani bado yanaonekana, yamekuwa kahawia tu. Akasema ulezi hapo utakuwa mfupi, lakini utakuwa ulezi. Tukaisambaza hivyo hivyo.

Mtoto alikuwa kwake. Jua lilipopanda akamfungua, akamtazama, akasema, "Huyu amekuwa mzito, matiti yangu yameshafika magotini. Geuka." Nikageuka, nikainama. Akaniwekea mgongoni, akanifunga mbeleko.

Hellena, tangu azaliwe huyu mtoto hajawahi kukaa mgongoni. Siku zote nimembeba mbele ninapomwona, nikiweza kuhesabu pumzi. Nilisimama pale na mbegu kiganjani, na mbele yangu hapakuwa na kitu. Simwoni. Nasikia tu uzito, na joto kwenye uti wa mgongo, na mkono mdogo umeshika nywele zangu kwa nyuma. Nikarusha mbegu. Nikapiga hatua. Mkono ukavuta.

Ndipo yalipokuja, mdogo wangu. Yote. Ya huyu, ya Josefina wa kwanza, ya yule wa kiume. Yalikuja kama mvua ya bondeni, sikuweza kuona ninakotupa ulezi. Nikasimama katikati ya shamba nalia kwa sauti, mtoto mgongoni naye akaanza.

Mama mkwe hakuja kunishika. Aliendelea kufukia mbegu kwa jembe lake, nyuma yangu, polepole. Alipofika karibu akasema bila kuinua kichwa:

"Usilowanishe mbegu, Mama Josefina."

Miaka mitano hakuna mtu aliyeniita hivyo.

Tumemaliza shamba jioni. Mungu akubariki kwa nadhiri zako.

Dada yako,
Mama Josefina